Fimbo ya Pool kwa Kijana wa Sigino

Mwezi uliopita nilinunua fimbo ya pool katika duka moja la Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 95,000. Mimi mwenyewe sichezi pool. Niliinunua kwa ajili ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Sigino katika Mji wa Babati. Ana umri wa miaka 24. Alimaliza kidato cha nne, analima pamoja na mama yake, na msimu wa shamba ukiisha hutafuta vibarua vya ujenzi. Jioni hucheza pool na, kwa ushahidi wa watu wasio ndugu zake, anacheza vizuri.

Naandika habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, kuchagua fimbo ya pool kwa fedha ya wastani ni jambo lenye elimu yake, nami sijaiona elimu hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili mahali ambapo vijana wetu wanaweza kuisoma. Pili, tangu niseme kwamba nimenunua kitu hicho, nimeulizwa na ndugu, na hata na wahadhiri wenzangu, kama sioni kwamba ninamlea kijana katika uvivu. Swali hilo linastahili jibu, ila nitaanza na fimbo yenyewe.

Ombi lilikuja kwa ujumbe wa simu: "Shikamoo Mjomba. Nimeweka shilingi elfu arobaini. Naomba uniongezee ninunue fimbo yangu." Niliwaza sana juu ya hiyo elfu arobaini. Ni fedha ya siku kadhaa za kubeba zege na matofali. Kijana aliyeweka akiba ya namna hiyo kabla ya kuomba amekwisha kuamua jambo, na mjomba anabaki na kazi ya kulisaidia lifanyike vizuri. Nikamwahidi elfu themanini. Bajeti yetu ikawa shilingi 120,000.

Nilimpigia kumwuliza kwa nini fimbo za baa hazimtoshi. Alinieleza kwamba meza anayochezea ina fimbo mbili tu. Moja imepinda, na nyingine ngozi ya nchani imekauka ikawa ngumu kama kwato, hata ukipiga mpira mweupe pembeni kidogo tu, fimbo inateleza. Baa za mjini huandaa mashindano baina yao, mshindi akapewa mbuzi, na wale wanaotoka mbali huja na fimbo zao. "Mjomba, sikatai kushindwa," aliniambia. "Nataka nikishindwa nijue nimeshindwa mimi."

Kabla sijaingia dukani nilimwomba apime mipira ya meza anayochezea. Hilo ndilo jambo la kwanza, na wauzaji wengi hawalisemi. Fimbo za pool zinazouzwa nchini mwetu ni za aina mbili kuu. Ipo ya Kimarekani, yenye ncha pana ya milimita 13 hivi, iliyokusudiwa mipira mikubwa ya milimita 57. Ipo pia ya Kiingereza, yenye ncha nyembamba ya milimita 9 au 10, iliyokusudiwa mipira midogo ya inchi 2, yaani takriban milimita 51. Ncha pana kwenye mpira mdogo humnyima mchezaji usahihi anapotaka kupiga chini au pembeni ya mpira. Ncha nyembamba kwenye mpira mkubwa nayo huchoka mapema na hudai mkono uliozoea.

Mpwa wangu alipima kwa rula ya shule ya mdogo wake, akanijibu: inchi mbili, ila mpira mweupe ni mdogo kidogo kuliko mingine. Jibu hilo lilinionyesha kwamba amepima kweli. Katika meza nyingi za sarafu mpira mweupe hufanywa mdogo kusudi, ili ukitumbukia, njia iliyo chini ya meza iutambue na kuurudisha kwa wachezaji, huku mipira mingine ikibaki imefungiwa hadi mtu atumbukize sarafu nyingine. Basi tulihitaji fimbo ya Kiingereza.

Jambo la pili ni kunyooka. Muuzaji atakuonyesha rangi, nakshi na jina la kampuni. Wewe fungua fimbo, chukua kipande cha mbele peke yake, ukiviringishe juu ya kioo cha kaunta. Ukiona mwanga unafunguka na kujifunga chini yake kinapozunguka, kimepinda. Kisha unganisha vipande vyote viwili, weka kitako karibu na jicho, ufumbe jicho la pili na utazame hadi nchani, kama seremala anavyotazama ubao. Fanya hivyo mara tatu au nne huku ukiizungusha. Mbao hupinda kwa joto, kwa unyevu, na kwa kuegemezwa ukutani miezi mingi, na fimbo zilizokaa dukani zimekwisha kupitia mambo hayo. Kati ya fimbo saba nilizoletewa, mbili zilikuwa zimepinda zikiwa bado na karatasi ya kiwandani.

La tatu ni ncha. Fimbo nzima, hata iwe ya bei gani, huugusa mpira kwa kipande cha ngozi kisichofikia upana wa kitufe cha shati. Anayetajwa katika historia kwa kuweka ngozi kwenye ncha ya fimbo ni Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19, na inasimuliwa kwamba alikuwa mfungwa alipoubuni ufundi huo. Kabla ya hapo fimbo ziligusa mpira kwa mbao tupu. Ngozi iliyopakwa chaki hushika mpira kwa nukta ndogo ya wakati, na hapo ndipo mchezaji anapoweza kuufanya urudi nyuma, usimame au uzunguke. Kwa hiyo sikumwuliza muuzaji kama ncha ni nzuri. Nilimwuliza kama inabadilishika na kama anauza za akiba. Ncha ni kitu cha kuisha, kama soli ya kiatu.

La nne ni uzito na urefu. Fimbo nyingi zina urefu wa inchi 57 au 58, karibu sentimita 145, nao urefu huo humtosha mtu mzima. Katika uzito, nilichagua aunsi 18, takriban gramu 510. Fimbo nzito husaidia kupasua mipira mwanzoni mwa mchezo, lakini huficha makosa ya mkono. Nyepesi mno humfanya mchezaji atumie nguvu asizozihitaji. Aliye na fedha ya fimbo moja tu achague ya kati.

La tano ni kiungio. Fimbo ya kipande kimoja ni rahisi na mara nyingi imara, lakini nilipaswa kuipeleka Babati kwa basi kutoka Dodoma ninakofanyia kazi, kilomita 251 za lami iliyozinduliwa mwaka 2018, nami nisingeweza kuishika mkononi njia nzima kama mchungaji aliyekodi kiti. Nilichukua inayofunguka katikati, yenye skrubu ya shaba. Kiungio kizuri hufungwa hadi vipande viwili vikutane bila nafasi. Ukigonga kitako sakafuni taratibu na kusikia mlio wa kitu kilicholegea, iache.

La mwisho, ambalo wauzaji hulifanya la kwanza, ni urembo. Palikuwa na fimbo ya shilingi 35,000 iliyopakwa rangi kama nyoka, na nyingine ya zaidi ya shilingi 400,000 yenye kitako cheusi kinachong'aa. Wapo mafundi wa Ulaya na Marekani wanaotumia mpingo katika vitako vya fimbo za bei ya juu. Ni mti uleule unaochongwa vinyago vya Kimakonde na unaotengenezewa zumari za Kizungu, nao unamea kwetu. Niliishika fimbo ile ya bei, nikairudisha. Kwa mtu mwenye laki moja na kidogo, kila shilingi ya nakshi hutolewa kwenye unyofu na ncha. Niliyoichagua ni ya mti wa eshi wa Ulaya, ambao nyuzi zake huonekana juu ya mbao kama mishale iliyofuatana. Haina mapambo. Pamoja na mfuko wake ilikuwa 95,000. Nikaongeza ncha tano za akiba, gundi, msasa na boksi la chaki kwa shilingi 14,000. Ikabaki 11,000, nikamrejeshea mwenyewe kwa simu.

Sasa nije kwenye swali la uvivu.

Mwezi Machi 2016, Rais John Magufuli alipowaapisha wakuu wa mikoa, aliwataka wahakikishe vijana wanafanya kazi, akawataja waziwazi wale wanaocheza pool saa za asubuhi. Baada ya hapo baadhi ya viongozi wa mikoa na wilaya walipiga marufuku mchezo huo saa za kazi. Agizo lilipokewa vizuri na watu wengi, wakiwamo wazazi wenye uchungu halali. Meza za pool nilizoziona Babati zote ziko baa, na kijana anayekwenda kucheza saa nne asubuhi anakwenda mahali penye pombe na penye watu wa kumshawishi aweke fedha mezani. Mzazi anayehofia hayo hajakosea.

Lakini agizo hilo lina ukoo mrefu. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria iliyowezesha watu walioitwa wasiotakiwa kuondolewa mijini. Mwaka 1983 serikali yetu wenyewe ilitunga Sheria ya Nguvukazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakakamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Katika nyakati zote hizo ofisa alihitaji alama ya kumtambua mvivu kwa macho. Mara alama ilikuwa kukosa kitambulisho, mara kukaa kijiweni. Mwaka 2016 alama ikawa fimbo ya pool.

Udhaifu wa alama ni kwamba haimkamati kila aliyenayo. Snuka, ndugu wa pool, ilizaliwa mwaka 1875 miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India, nao hawakuitwa wazururaji. Kwetu, kampuni ya bia imedhamini kwa miaka kadhaa mashindano ya Safari Pool, timu za mikoa zikashindana hadi taifa, na palikuwa pia na mashindano ya vyuo vya elimu ya juu. Mwanafunzi wa chuo kikuu akishika fimbo ileile tulimwita mwanamichezo. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, na wazee wanaocheza bao mchana chini ya mti tunawaamkia kwa heshima. Ni dhahiri kwamba tunapomtazama kijana wa Sigino mezani, kinachotuudhi hakimo ndani ya mchezo.

Nilidhani hoja hii inatosha, hadi nilipoipeleka kwa baba mkubwa.

Baba mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu. Anaishi Sigino, na ujana wake wote aliumaliza nyuma ya ng'ombe. Aliposikia kwa simu kwamba naleta fimbo ya kuchezea, alisema neno moja tu, kwamba fimbo ya mwanamume ni ya mifugo. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia, kisha akaomba kuiona. Nikaiunganisha, nikampa kwa mikono miwili.

Alifanya yale niliyoyafanya Kariakoo, tena kwa ustadi kunishinda. Aliiweka jichoni, akaizungusha, akapitisha kidole gumba kufuata nyuzi za mbao, akaipima uzito juu ya kiganja. Alieleza kwamba wao walichagua mti wenye nyuzi zisizovunjika njiani, wakaukausha kivulini polepole, kwa kuwa jua hupindisha, kisha wakaupaka mafuta. Kijana aliyekata fimbo kwa haraka alitambulika malishoni kwa fimbo yake. Mwishowe akasema: "Imenyooka. Lakini hii haifukuzi hata mbuzi."

Nikamweleza hoja yangu kuhusu bao na maofisa wa Kiingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi nasi tulicheza, mwanangu," alisema. "Tulichimba vishimo ardhini, tukacheza bao kwa mawe tangu jua la asubuhi. Hakuna aliyetuita wavivu, kwa sababu ng'ombe walikuwa pale wanakula. Hawa wanacheza, na ng'ombe hawana."

Nimefundisha darasani kwa miaka mingi kuhusu vijana na ajira, nami sijapata kulisema jambo hilo kwa maneno machache hivyo. Mchezo haukubadilika sana. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kinaendelea pembeni wakati watu wanacheza, yaani mali inayokua, malisho yanayotosha, na uhakika kwamba anayecheza leo kesho ana pa kwenda. Babati ni wilaya ya mahindi na mbaazi. Mwezi Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa kutoka nje, na bei ikaanguka mashambani. Dada yangu alikuwa na magunia ndani ya nyumba aliyokosa wa kumwuzia kwa bei ya maana. Mpwa wangu alikuwa kijana mdogo wakati huo, na alikwisha kulima, kupalilia na kuvuna. Mtu ambaye angepita akamkuta mezani asubuhi moja ya msimu ule angeona fimbo mkononi. Magunia asingeyaona.

Ndiyo maana nasema agizo la kuwaondoa vijana mezani, hata likitolewa kwa nia njema, linatibu kile kinachoonekana kutoka barabarani. Ukifunga meza saa za asubuhi bila kuuliza mbaazi zimeuzwaje, umemwondolea kijana mchezo, na ng'ombe hujamletea. Uchungu wa baba mkubwa na uchungu wangu, kumbe, unaelekea mahali pamoja, ingawa yeye bado haipendi baa na mimi siwezi kumlaumu.

Lipo swali jingine, nalo aliliuliza mpwa wangu mwenyewe siku nilipomkabidhi fimbo. "Mjomba, wenzangu wakiiomba niwanyime?" Ni swali gumu kuliko linavyosikika. Katika meza yenye fimbo mbili mbovu, wote walikuwa sawa katika ubovu. Mmoja akija na fimbo nzuri, usawa huo umekwisha, hata kama aliipata kwa jasho lake na la mjomba wake. Nilimjibu kwamba fimbo ni yake na uamuzi ni wake, ila ajue kwamba ncha huharibika upesi ikipita mikono mingi, na kwamba kuwanyima watu aliokua nao kuna gharama yake pia.

Wiki mbili baadaye alinipigia. Alikuwa amechukua ncha mbili kati ya zile tano za akiba, akazibandika kwenye fimbo za baa, kwa kibali cha mwenye baa. Alikwangua ngozi ya zamani kwa kisu, akasawazisha kwa msasa, akaweka gundi, akaifunga kwa uzi hadi asubuhi. Ile iliyopinda bado imepinda, lakini haitelezi. Nilimwuliza kwa nini ametumia ncha zake kwa fimbo za watu.

"Nikimfunga mtu mwenye fimbo mbovu, Mjomba, watasema fimbo yangu ndiyo iliyoshinda."

Mbuzi bado hajampata. Katika mashindano ya kwanza aliyoingia na fimbo yake alitolewa mapema, na aliyemtoa alikuwa akitumia moja ya fimbo za baa alizozitengeneza yeye mwenyewe. Alinisimulia akicheka, kisha akaeleza kwa kirefu mpira gani aliupiga vibaya na kwa nini.

Kwa madiwani na watendaji wa halmashauri zetu, Babati na kwingineko, nina pendekezo dogo. Meza ya pool inaweza kuwekwa mahali pasipo na pombe, katika ukumbi wa kata au kituo cha vijana, ifunguliwe saa ambazo wakazi wenyewe watakubaliana kulingana na majira ya shamba lao, na mabinti nao wapate kuingia bila kunyoshewa vidole. Mzazi anayehofia baa atapumua. Lakini kiongozi atakayeifungua meza hiyo aje siku hiyo pia na taarifa ya soko la mbaazi, maana vijana watakaokuwa wamesimama pale na fimbo zao watamwuliza bei.